Himaya ya Kwanza Kuanguka

Kwetu ugomvi haukuamuliwa kwa maneno. Baba alikuwa mchora vibao vya maduka, na tulipokuwa wadogo alichora ramani ya falme kwenye kipande cha plaiwudi, akatutungia mchezo. Vifuniko vya soda ndivyo vilivyokuwa askari, dadu mbili ndizo zilizoamua vita, na kulikuwa na karata za njaa, tauni na uasi. Nani aoshe vyombo, nani alale kitanda cha dirishani, yote tuliyamaliza ubaoni. Aliyeshindwa alifunga mdomo akatii. Familia nyingine zina vikao. Sisi tulirusha dadu na kujiona wajanja.

Jumapili ile mchana tulikuwa nyumbani kwa Baba, tunaamua nani amchukue.

Mama alikuwa ametimiza miezi miwili kaburini, nasi tulikuwa tumechoka kupokezana zamu za kumhudumia Baba. Baba alikuwa amepooza upande mzima wa kulia. Kumwosha, kumlisha, kumgeuza kitandani, yote aliyafanya Mama, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kama mgongo unamuuma. Kaka, mwalimu mkuu, alisema nyumba yake imejaa. Mdogo wetu, dereva wa lori, alisema nyumbani kwake analala siku mbili kwa mwezi. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba kimoja, na nusu yake ni vitambaa vya watu. Kila mmoja alikuwa na sababu, na zote zilikuwa za kweli. Ndiyo maana zilinitia hasira.

"Himaya itakayoanguka ya kwanza," Kaka alisema, akilaza ramani mezani, "mwenyewe anamchukua mzee. Na asije mtu na kulialia hapa."

"Mchezo wenyewe ni wa watu wanne," alisema mdogo wetu. "Tukicheza watatu, kusini kunabaki wazi."

Basi tukamsogeza Baba na kiti chake hadi mezani, tukampa vifuniko vyeusi ajaze nafasi. Tangu apooze maneno yake yalitoka yamesagika, nasi tulishazoea kuongea mbele yake kana kwamba hayupo.

Tauni ilinipata raundi ya pili, uasi raundi ya nne. Kaka akanishukia kutoka kaskazini, mdogo wetu kutoka mashariki.

"Samahani, dada," alisema mdogo wetu, akichukua mji wangu wa tatu.

"Samahani yako iweke mfukoni."

Nilibaki na mji mkuu na vifuniko viwili. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikaanza kupima chumba changu kichwani: kitanda cha Baba kikae wapi, cherehani niitoe nje, wateja wapimiwe nguo mbele ya mgonjwa? Nikamtazama akihangaika na dadu kwa mkono wa kushoto, na kwa dakika nzima nilimchukia baba yangu.

Zamu yake ilipofika alikuwa na askari tisa. Hakurusha dadu. Alianza kuwasukuma kwa kidole, mmoja mmoja, kutoka mji wake pekee uliobaki hadi kwangu.

"Na-kukabidhi," alisema.

Kulikuwa na sheria hiyo: mfalme anaweza kumkabidhi mwenzake jeshi lake lote. Baba aliiweka kwa ajili yangu, maana utotoni kila nilipokaribia kutolewa nililia hadi majirani wakasikia. Ukubwani hatukuwa tumeitumia hata mara moja.

"Baba, unaacha mji mtupu," Kaka alisema.

Baba akamwitikia kwa kichwa. Mdogo wetu, ambaye zamu iliyofuata ilikuwa yake, alitazama jeshi langu jipya, akatazama ule mji mtupu, akauchukua kwa kifuniko kimoja. Ndivyo mchezo unavyochezwa.

Kaka akaguna. "Hii haihesabiki. Hatukupanga hivi."

Baba alipiga meza kwa kiganja. Alitafuta maneno huku mate yakimtoka pembeni mwa mdomo, nasi kwa mara ya kwanza tangu Mama afariki tukamsubiri amalize.

"Nimeanguka mimi. Mzee... namchukua mimi."

Nilimngoja Kaka akatae, yeye ndiye mkubwa. Kaka alinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye binti. Mdogo wetu alichezea funguo za lori.

"Haya," Kaka alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, akaanza kukusanya vifuniko.

Nilimfuta Baba mdomo. Siwezi kudanganya: moyoni nilijisikia mwepesi. Tukamrudisha kitandani, tukamwekea mkate na jagi la maji upande wa kushoto, tukamuaga mmoja mmoja. Alituitikia wote. Jagi nililijaza mimi, hadi juu, ili limtoshe siku nyingi. Nilikuwa nimeshafika stendi nilipojiuliza ataliinuaje, na sikurudi.