Nyumba ya Siku Moja

Gari la maiti lilikuwa limeshatoka langoni, na jirani yetu Jepchumba bado ameshika mlango wake wa nyuma, anatembea nalo polepole kama mtu anayesindikiza mgeni. Dereva akaenda mwendo wake. Tulipofika lami ndipo Jepchumba alipoachilia. Mimi nilikuwa mbele, katikati ya dereva na kaka yangu Javan, kofia magotini, na sikugeuka. Nyuma yetu, kwenye kona ya shamba penye saipresi, tulikuwa tumeacha kaburi wazi.

Lilikuwa la mke wangu Aluoch. Wanaume wa Soy walilichimba jana yake, kuta zimenyooka kama za msingi wa nyumba, mahali alipopachagua mwenyewe.

Aluoch alitoka ziwani akiwa msichana, akaja Eldoret kushona sare za shule. Mimi nilikuwa mtu wa trela. Malaba, Juba, popote mzigo ulipoelekea. Nyumbani nilikuwa mgeni wa sufuria kubwa, mara tatu kwa mwaka. Robo eka ile ya Soy aliinunua yeye, kutoka kwa Jepchumba, kwa pesa ya cherehani yake. Wakawa majirani, kisha wakawa kitu ambacho sina jina lake. Jepchumba alimfundisha kusugua kibuyu kwa mkaa na kugandisha mursik, maziwa ya kibuyu ya Wanandi, mpaka siku moja akaniambia kwenye ua, "Mzee Obonyo, huyu bibi yako ameiba kibuyu yetu. Wageni wangu sasa wanaulizia maziwa ya Mjaluo."

Binti yetu Lynette aliolewa na Mbuthia, mwenye duka Munyaka. Mwaka ule wa moshi, baada ya uchaguzi, Wakikuyu kama yeye walipohama na magodoro kichwani, Mbuthia alikaa chumbani kwa mama mkwe wake siku tisa. Jepchumba aliketi mlangoni akichambua maharagwe. Waliokuja kumtafuta walijibiwa kuwa ndani kuna mgonjwa. Mimi nilikuwa Juba. Haya yote nilisimuliwa.

Ugonjwa ulipombana Aluoch, nilikuwepo. Hilo angalau. Alisema, "Usinipeleke kwenu Bondo. Kule simjui hata jirani. Niweke Soy, Jepchumba anisikie nikikohoa." Nikamwambia sawa. Lynette alikuwa ameshika miguu yake, akasikia.

Javan akaja na wazee wanne, asubuhi ya mazishi. Walizungumza Kijaluo, hawakukaa.

"Obonyo, utaacha mke wako alale kwa watu?"

"Si kwa watu. Ni kwake."

"Kwake ni kwako. Na kwako ni wapi?"

Kwetu, mwanaume asiyejenga katika boma la baba yake hana ua wa kumzika mke. Miaka sitini na nane, sikuwahi kusimamisha hata nguzo moja Bondo. Nikasema, "Nyumba hakuna," nikidhani aibu yangu, safari hii, itanisaidia.

"Tumeshakujengea," Javan akasema. "Juzi. Asubuhi nguzo, jioni mabati. Kazi yako ni kumleta tu."

Lynette hajui Kijaluo. Alikulia kwa Kiswahili na Kinandi cha majirani, na kwake siku hizi ni Kiswahili na Kikuyu. Akanivuta mkono. "Baba, wanasema nini?"

Nikamwambia, "Wanasema pole."

Alijua walipoinua jeneza. Aliniangalia tu, na mimi nikatafuta kofia yangu.

Jepchumba ndiye aliyekuja dirishani pa gari. "Mzee, na hii shimo?"

"Kwetu shimo tupu huita mwingine," nikamwambia. "Zika mgomba, halafu ufukie."

"Mgomba?"

"Mgomba."

Bondo nyumba ilinuka mbao mbichi. Aluoch aliingizwa humo akiwa amekufa, akatolewa kesho yake, akazikwa upande wa kushoto wa mlango. Wanawake walimlilia kwa lugha ambayo binti yake haielewi. Wajukuu wakaomba maji kwa Kiswahili, na bibi mmoja akauliza, bila ubaya, "Hawa ni wa nani?" Desturi ilitaka nilale katika nyumba ile. Nililala siku nne, nikaondoka.

Javan alifariki mwaka jana, akazikwa penye nyumba yake. Nyumba yangu imefungwa, kuku wa jirani wanatagia barazani. Upande wa kulia wa mlango ni nyasi, na ni pangu. Trela niliacha. Nimekodi chumba Kapsoya. Mbuthia ana duka la pili. Lynette huja Jumapili na chai kwenye themosi. Ananiheshimu sana. Zamani aliniita Baba, sasa ananiita Mzee.

Jepchumba miguu imemkataa. Watu wa Soy hawana desturi ya kuzika mgomba, na mimi sikueleza kwamba hukatwa kipande cha shina tu. Siku ile alikwenda nyuma ya bafu, akang'oa ule alioupanda Aluoch, ambao haukuwahi kuzaa, akausimamisha kaburini wima na mizizi yake, akafukia. Ukashika. Sasa imekuwa migomba mitano. Lynette hukata mkungu kila Krismasi, huniletea ndizi tatu au nne. Ni fupi, kwa sababu ya baridi ya Soy, lakini zinaiva.