Kahawa ya Dada Mbele ya Kamati

Mimi ni mtu wa haraka, na haraka hiyo nusura impokonye dada yangu shamba. Nalisema hili mapema ili nikianza kumsifu asije mtu akadhani najisifu mwenyewe.

Dada Leokadia amenizidi miaka kumi na minne. Alikuja Amerika kumfuata mumewe aliyekuwa akisoma; shemeji akafariki kabla ya kumaliza, dada akabaki na binti yao Caritas na kazi ya kusafisha ofisi, katika mji mdogo ulio mwendo wa saa moja kutoka Columbus, makao makuu ya jimbo. Kaunti yao siitaji jina, dada bado anaishi nao. Jimbo lilikuwa likiigawia kaunti fedha za ustawi wa jamii, izitumie itakavyoona yenyewe, na sehemu ya fedha hizo iliendesha mpango wa viwanja: familia za kipato kidogo zilikodishwa vipande vya ardhi ya kaunti zilime mboga. Mkataba ulikuwa wa miezi kumi na mmoja. Ukiisha, unarudisha ufunguo wa lango na kuomba upya. Kupanda mti ilikuwa marufuku.

Machi 2015 kaunti ilikataa kuendeleza mikataba. Mkurugenzi wao wa ustawi alisema wapangaji hawaijali ardhi, wanavuna na kuondoka, afadhali pale pawe maegesho ya magari. Kwa bahati kuna kamati ya bunge la jimbo inayokagua kaunti zinavyotumia fedha hizo, nayo ikatangaza kwamba itamsikiliza mkurugenzi, kisha mpangaji mmoja. Familia kumi na tisa zilimchagua dada. Kamati ikiridhika na maneno ya mkurugenzi, shamba limekwenda.

"Mjini mimi ni mama wa ufagio," aliniambia kwa simu. "Pale shambani mimi ni Leokadia."

Kiingereza chake kinatosha dukani, hakitoshi bungeni. Nikaomba ruhusa kwenye bohari ninakofanya kazi kule Okolona, kitongoji cha Louisville katika jimbo jirani, nikaendesha gari kwenda kumtafsiria.

Nilipofika nikamkuta amekaa mbele ya kikapu kidogo chenye mfuniko, kimejaa akamwani. Kwetu Bukoba kahawa hiyo huchemshwa na majani yenye harufu, ikakaushwa, ikatafunwa. Mgeni hukaribishwa nayo, na mazungumzo mazito hayaanzi kabla haijapita mikononi. Mara simu ikalia. Alikuwa Nsimire, rafiki yake Mkongo mwenye duka Grant Street kule Buffalo, ambaye ndiye aliyeitafuta kahawa hiyo.

"Bon, Jovin, ile kahawa imefika? Nilimupatia Ruta, ule dereva, akuje nayo. Donc, ambia dada yako asiogope bale bakubwa. Nabo ni batu."

Nikakata simu na kumwambia dada kikapu kibaki nyumbani. "Bungeni hawapeleki zawadi, dada. Wataita rushwa."

"Zawadi ni ya kumpendeza mtu. Hii ni ya kufungulia maneno." Akanikumbusha jambo ambalo mimi nimelisikia tu, yeye aliliona. Baba alikuwa mpangaji chini ya nyarubanja: unalima, unapanda, unazeeka, na ardhi inabaki kuwa ya bwana. Sheria ilipoufuta mfumo ule miaka ya sitini, wajumbe walikuja kupima mpaka, na kabla hawajanyoosha kamba baba aliwagawia akamwani wote, hata yule bwana. Dada ndiye aliyeshika kikapu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Ningefanya nini? Niliomba Mungu dada akisahau kile kikapu. Dada yangu hasahau kitu.

Siku ya kikao bungeni, mkurugenzi alitangulia kusema, kwa karatasi nyingi na suti nzuri. Kisha karani akamwita dada. Badala ya kukaa penye kipaza sauti, alipita moja kwa moja hadi kwenye meza ya kamati, akafunua kikapu, akakinyoosha kwa mikono miwili mbele ya mwenyekiti, mama mmoja wa makamo ya juu mwenye miwani ya kamba. Karani akaruka kumzuia. Mtu nyuma akacheka. Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba kamati haiwezi kupokea kitu kutoka kwa shahidi wakati shauri lake liko mezani. Nikatafsiri huku uso ukiniwaka moto. Nakiri niliona aibu, na mtu niliyemwonea aibu ndiye aliyenilea.

Dada hakukasirika. Alirudi akaketi, akatia punje moja mdomoni, nyingine akaniwekea kiganjani. Nikaitafuna upesi, ili tu mambo yaishe.

"Sasa tumekula," akasema kwa Kihaya.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba aliyetafuna hasemi uongo mpaka mazungumzo yaishe. Wazee wetu hawakuwa na kiapo kingine kikubwa kuliko hicho.

Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi: analima nini, wanaokula ni nani, kinachobaki anakiuza wapi. Kisha mjumbe mmoja akauliza, "Umewahi kuvunja sharti lolote la mkataba?"

Caritas alikuwa amenionyesha picha: nyuma ya kibanda cha majembe, miche miwili ya matufaa, umri wake miaka miwili. Kwa mkataba ule, mti mmoja tu ulitosha kumfukuza. Nikajifanya naweka sawa kipaza sauti, nikamnong'oneza kwa Kihaya, "Sema hapana. Hakuna anayejua."

Akanitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nilipodokoa nyama utotoni. "Jovin, una kahawa mdomoni."

Akaigeukia kamati, akasema kwa Kiswahili, ambacho hata wapangaji wenzake waliokaa nyuma walikielewa, taratibu, ili nisipate pa kuchepukia, "Nimevunja. Nimepanda miti miwili ya matufaa."

Nikatafsiri neno kwa neno. Mkurugenzi akaandika kitu na kutabasamu. Mwenyekiti akavua miwani.

"Mama, mkataba wako ni wa miezi kumi na mmoja. Kwa nini upande mti ambao utazaa baada ya miaka minne au mitano?"

"Ardhi niliyoilima miaka mitatu siwezi kuiacha bila mti," dada akajibu. "Nisipokuwapo mimi, atakula mwingine."

Mwenyekiti akamgeukia mkurugenzi. "Wewe umetuambia hawa hawaijali ardhi. Umewahi kwenda huko?" Hakuwahi. Alipoulizwa zaidi ikajulikana kwamba zaidi ya nusu ya fedha za viwanja ilikuwa imekarabati ofisi yake. Lile tabasamu sikuliona tena.

Mwezi wa Juni kamati ilitoa uamuzi: kaunti ikitaka kuendelea kupewa fedha hizo, mikataba iwe ya miaka mitano, na kifungu cha miti kiondolewe. Dada alinipigia simu kuniambia, akalia, nami nikalia, katikati ya mapumziko ya chakula, wenzangu wa bohari wakidhani nimefiwa.

Oktoba, siku ya Jumamosi, tulikuwa wote shambani tukichimba viazi vya mwisho. Hata Nsimire alikuja kutoka Buffalo. Gari likasimama langoni. Akashuka yule mwenyekiti, peke yake, amevaa viatu vya mpira.

"Shauri limekwisha," akasema. "Ile kahawa ipo bado?"

Dada akamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaleta kikapu kilekile, akakinyoosha kwa mikono miwili kama siku ile. Mama wa watu akachukua punje, akatafuna. Uso ukamkunjamana, lakini hakutema. Kisha kikapu kikaja kwangu.

Nilikishika muda mrefu. Ningeweza kukipisha kwa Nsimire, na nilitaka sana kufanya hivyo. Nikachukua punje, nikatafuna, nikasema, "Mheshimiwa, siku ile nilimwambia dada yangu aseme uongo."

"Nilikuona ukimnong'oneza," akajibu. "Ndiyo maana nilimwamini."

Mungu ana mengi ya kushukuriwa nami, lakini siku ile shukrani yangu yote ilikuwa ya yule mwanamke mwenye udongo magotini, aliyenilea mara mbili, mara ya pili nikiwa na mvi. Nikamwambia hivyo hivyo, "Asante, dada," mbele za watu.

"Ukimaliza kutafuna," akasema, "chukua ndoo, kamwagilie miti."