Wingu la Kigonda

Hakuna mtu katika milima yetu anayezijua barabara kama mimi: nikiipaka njia kijani kwenye ramani, hata bibi harusi apite amesinzia, hakuna jiwe litakalomgusa. Hivyo ndivyo nilivyomtambia dada yangu Nakijwa mchana ule wa mvua, alipouliza kama apitishe pikapu yake ya tangawizi njia ya mlimani Kigonda au azunguke mbali. Moyoni nilikuwa nachemka. Picha za setelaiti ninazokagulia maporomoko, zile zinazotolewa bure kwa kila mtu, zilinisumbua tangu asubuhi. Kila nikifungua ya Kigonda nakuta wingu, nafunga, narudia, wingu. Dada alipotoka kupakia mzigo nikalaza kichwa mezani, usingizi ukanibeba.

Nikajiona katika nchi yenye ghala lisilo na mlango wala mlinzi, magunia yamepangwa hadi darini, na mwanamke mwenye buti za mpira, tope hadi magotini, akanipokea. "Mimi ni Tahadhari," akasema. "Humu kila kitu ni cha wote. Chukua, ila fungua kwanza utazame." Nikafungua gunia: wingu likatoka, likanipiga usoni. La pili, wingu. La tatu, wingu! "Sasa hii ni sadaka au dhihaka?" nikafoka. Hapo akatokea kijana nadhifu, ndoo ya rangi mkononi, jina lake Haraka. "Mwanangu, usijitese," akaninong'oneza. "Pasipoonekana hatari, hatari haipo. Paka kijani twende zetu." Akalipaka wingu, na wingu, jamani, likapendeza! Nikamsaidia kwa moyo wote. Tahadhari hakugomba, alinishika mkono tu, akasema, "Usichokiona kina rangi yake, nayo si kijani. Haya, simama juu ya ulichopaka." Nikasimama. Chini ya rangi kulikuwa na mlima, na mlima ulikuwa unaporomoka, na huko barabarani pikapu ilikuwa inapanda, inanukia tangawizi. Nikapiga kelele.

Nikazinduka, mate yametapakaa kwenye kibodi, na moyo ukanilipuka: kijani kile hakikuwa cha ndotoni. Nilikipaka mimi asubuhi, kwa hasira, ili kazi iishe.

Nakijwa alikuwa nyuma yangu, funguo za gari mkononi, akiikodolea macho skrini.

"Eli, kwenye picha hapa Kigonda ni wingu tupu. Kijani umekitoa wapi?"

"Aa, dada, hapo... nilipanda mwenyewe, nikapakagua kwa macho."

"Lini?" Akaziweka funguo mezani. "Wiki nzima chai nakuletea mimi, hapo hapo kitini."