Shikamoo ya Ng'ombe

Mwanangu Kornelia alimwamkia ng'ombe. Nilimwona kwa macho yangu, hapa hapa nyumbani Maretadu. Babu yake, mzee Bura, alikuwa anatoa ng'ombe zizini. Mtoto akapita, kitabu kimemziba uso, akamwambia dume jeusi, "Shikamoo babu!" Mzee mwenyewe akampita kama anayepita nguzo.

Kwetu salamu si jambo la mchezo. Lakini mzee hakumgombeza, alinigeukia mimi.

"Eva, huyu mtoto unamsomesha au unamuua?"

"Anasoma, baba," nilijibu. Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Kornelia yuko kidato cha nne, anataka kusomea uuguzi akafanye kazi hospitali ya Haydom, na hataki kingine. Kabla ya mtihani wa majaribio alikesha akisoma, miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji baridi ili asisinzie. Kwa baridi hii ya kwetu! Akaingia kwenye chumba cha mtihani, akalala fofofo juu ya karatasi ya Baiolojia. Sasa mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia, shule imewaachia wajisomee nyumbani, na dawa aliyoiona yeye ni kuongeza maji kwenye beseni.

"Asubuhi asome. Mchana atachunga na mimi, usiku atalala," mzee aliamua.

"Babu, nitafeli!" Kornelia alilia machozi ya kweli.

"Si umeshafeli ukiwa umelala?"

Kesho yake niliwapelekea uji malishoni, nikakuta mzee amekalia kitabu. Amekikalia kabisa!

"Nisimulie ulichosoma leo," alisema.

"Moyo, babu. Unasukuma damu."

"Inakwenda wapi?"

"Mwilini."

"Halafu?"

Kornelia alichungulia kitabu chini ya babu yake, akaona hakuna msaada huko. Akaanza upya, pole pole, akionyesha ng'ombe kwa fimbo: hawa wanaokwenda ni damu safi, wale wanaorudi ni damu iliyochoka, inapitia kwenye mapafu kwanza.

"Na yule ndama anayezurura?"

"Huyo ni ugonjwa, babu!"

Walicheka mpaka uji ukapoa. Sikumbuki mara ya mwisho nilimsikia lini mwanangu akicheka hivyo. Basi ikawa ndiyo kazi yao kila mchana, mzee akiuliza maswali ya ajabu, mtoto akijibu.

Siku ya mtihani wa Baiolojia sikuweza hata kushika jembe. Nilikaa mlangoni nikitazama njia hadi alipotokea.

"Mama, sikulala," alisema. "Nimejibu yote, na muda ukabaki."

Halafu akajitupa kwenye mkeka uani na kusinzia kabla sijampakulia chakula. Nilitaka kumwamsha ale, mzee Bura akaniinulia fimbo. Jirani yetu Sara alikuja kutwanga mahindi kwenye kinu chetu, mzee akamfukuza yeye na mchi wake. Mimi nilikaa pembeni nikimfukuzia Kornelia kuku, huku nalia kwa furaha.