Mwenyeji wa Bakuli

Uwanja wa mpira wa mji, ule ambao watu wote huuita Bakuli, una mwenyewe, naye ni baraza la mji. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Ubishi ulikuwa juu ya nani anaushika. Zilikuwa zikicheza hapo timu mbili za ligi kuu, Umande na Kaskazi. Mlinzi wa baraza alipostaafu, ufunguo ukaachwa kwa Kaskazi "kwa muda", kwa vile kambi yao i karibu na lango. Nanyi mnaijua "kwa muda" ya Unguja. Ikaota mizizi, ikazaa na matawi.

Mudrik, mwenyekiti wa Kaskazi, alianza kwa kubadilisha kufuli. Kisha akakipaka chumba kizuri cha wachezaji rangi ya kijani ya timu yake, Umande wakabakishiwa kile cha nyuma, ambacho bomba lake ukilifungua linakohoa tu. Mwisho ulimi wake ukazoea kusema "kwetu". "Mkitaka kucheza kwetu, njooni muombe kwa adabu."

Naznin, katibu wa Umande, aliomba kwa adabu mpaka adabu ikamwishia. Katika duka lake la vifungo na nyuzi pale Mlandege watu huingia hata kama hawana nguo ya kushona, maana habari za mji hupita pale kwanza ndipo ziende zinakokwenda. Na hakuna alichokipenda duniani kama mahali palipojaa watu. Siku Kazija, rafiki yake na mpiga ngoma wa wapenzi wa Umande, alipoingia akihema, Naznin aliweka mkasi chini.

"Shoga, umesikia? Baraza linataka msimamizi mmoja wa uwanja. Alkhamisi Bwana Mahfoudh wa baraza anakuja Bakuli kuzisikiliza timu zote mbili, aamue. Na Mudrik nshamsikia kwa masikio yangu anatamba sokoni Darajani. Ati yeye ndiye mwenyeji, sie wageni. Akipewa yeye, Umande tukachezee Mangapwani!"

"Mangapwani? Atatutazama nani huko, popo wa pangoni?"

Kazija akacheka mpaka akashika meza. Naznin hakucheka sana. Wachezaji wangefika, gari lilikuwapo. Lakini wapenzi wa Umande ni wauza samaki, mafundi cherehani, akina mama wanaofunika biashara zao alasiri wakaja uwanjani kwa miguu. Uwapeleke Mangapwani, mbali huko kwenye mapango, hawaendi. Na Umande bila watu wale ni harusi bila ngoma. Msimu mmoja tu, timu ingezikwa.

"Twende na wakili," alisema Kazija.

"Mudrik ana maneno kuliko wakili. Mie nnakwenda na chai."

"Chai?"

"Na mikate ya kumimina. Waambie akina mama wote waje mapema, kabla ya Mudrik. Tukishindwa, tushindwe tumeshiba."

Alkhamisi Bwana Mahfoudh alitangulia. Alikuja na ufunguo wa baraza wa mlango mdogo wa magharibi, mlango ambao Mudrik alikwishasahau kama upo. Hajakaa, akasikia sauti ya Naznin nje, "Hodi!" akajibu kama mtu yeyote angejibu: "Karibuni, karibuni, piteni."

Wakapita, jeshi zima, na mabirika na masinia na mikeka. Wakafagia jukwaa, wakatandika, wakavua viatu, wakakaa.

"Bwana Mahfoudh, karibu chai."

"Nshakula, Bi Naznin."

"Umekula kwako. Hapa hujala."

Akala. Stori zikapamba moto, fulani kaoa, fulani kaachwa, fulani kamrudia yule yule. Naznin mwenyewe alikuwa amepanga hotuba kichwani, hoja kwa hoja, na kila akiipitia aliiona dhaifu zaidi.

Mudrik alichelewa, kama wakubwa wanavyochelewa. Akalifungua kufuli lake la lango kuu, akaja na watu wake, kanzu nyeupe, vitambaa vya kijani mabegani, hatua za mtu anayeingia chumbani kwake. Alipofika kwenye upenyo wa kupandia jukwaani akasikia vicheko vya wanawake. Sasa Mudrik, na kiburi chake chote, amelelewa na bibi yake. Mwanamume havamii pahala wanawake wamekaa mkekani, kanga zimewateleza kichwani. Mguu ukasimama wenyewe. Kinywa kikafunguka chenyewe.

"Hodi! Hodi jamani!"

Hotuba yote ikamtoka Naznin kichwani. Akavuta pumzi mpaka kifuani.

"Karibu, mgeni! Vua viatu, njoo ule!"

"Karibuuu!" wakaitikia akina mama, jukwaa zima.

Mudrik akajitokeza, akawatazama, na hapo ndipo alipokisikia alichokisema. Kazija hakumpa nafasi.

"Yakhe Mudrik! Tangu lini mtu akapiga hodi kwake?"

Lo! Bakuli lilicheka. Walicheka akina mama, wakacheka na watu wa Mudrik mwenyewe. Mmoja alijishikiza kwenye uzio asianguke.

"Hiyo ni adabu tu!" Mudrik alifoka. "Mtu akikuta wanawake wamekaa..."

"Ni adabu," alisema Naznin, na sauti yake sasa haikuwa na kejeli. "Nami asubuhi nlipiga hodi vilevile, maana si kwangu. Muulizeni Bwana Mahfoudh ni nani alonijibu."

Macho yote yakamgeukia Mahfoudh, naye mdomo umejaa mkate. Akameza.

"Nilijibu mimi."

"Basi mwenyeji ni baraza. Sie wengine sote ni wapiga hodi. Siombi ufunguo wapewe Umande, Bwana Mahfoudh. Naomba asipewe mgeni."

Mahfoudh akajifuta mikono, akasimama.

"Nilitumwa nichague mmoja kati yenu. Simchagui yeyote. Ufunguo unarudi kwa baraza, na baraza litaweka mlinzi wake. Ratiba itabandikwa langoni kila mtu aisome, na chumba kizuri mtapokezana. Bwana Mudrik, kufuli lako hilo, nenda nalo leo."

Vigelegele vikapanda mpaka kunguru wakahama paa. Mudrik akawatazama watu wake, ambao walikwishavua viatu na kukaa. Akavua na yeye. Naznin akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

"Mkate mmoja au miwili?"

"Miwili," alisema kwa sauti ndogo.

Jumamosi Umande waliingia uwanjani kutoka chumba kizuri. Darajani yote ilikuwa imehamia Bakuli; watu walikaa ngazini, wakakaa juu ya ukuta, wakapakatana. Naznin mwenyewe alikosa pa kukaa, akabanwa nyuma kabisa kati ya mwanamke mnene na nguzo, asione ila visogo. Ghafla uwanja ukalipuka, ngoma ya Kazija ikapasua hewa.

"Kafunga nani?" Naznin alipiga kelele, akirukaruka. "Jamani, kafunga nani?"

"Sisi, Bi Naznin! Sisi!"

Akamkumbatia yule mwanamke mnene, asiyemjua hata jina, wakaruka pamoja.