Mbolea Iliyohamia kwa Filbert

Masika ya mwaka 1994, Leodegar na mkewe Lukresia waligawana shamba lao la mahindi nusu kwa nusu. Si kwamba waligombana. Lukresia alikuwa amemsikiliza bwana shamba, aliyewaambia wenye mashamba ya mteremko waache kulima: mabua ya msimu uliopita yabaki yamefunika ardhi, wachimbe vishimo vya mbegu tu. Leodegar aliona huo ni uvivu. Isitoshe, mabua ndiyo yaliyolisha ng'ombe wao kule nyumbani Kibosho. Mkewe alipoahidi kumkatia ng'ombe majani mwenyewe, Leodegar akamwachia nusu.

Nusu yake mwenyewe Leodegar aliipitisha trekta kutoka juu hadi chini, udongo ukalainika kama unga. Wakapanda, wakatia mbolea. Ruzuku ilikuwa inaondolewa na bei imepanda, kwa hiyo waligawana mfuko mmoja.

Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu asubuhi. Ilipopungua wakashuka shambani. Upande wa Lukresia maji yalitambaa taratibu kati ya mabua, karibu meupe. Upande wa Leodegar yalikuwa yamechimba mifereji, mekundu, yanakimbilia bondeni na udongo wote wa juu. Lukresia, aliyekuja na kicheko tayari, alimwonea mumewe huruma akamshika mkono.

Mwezi ulipopita, mahindi ya mume yalikuwa ya njano, hayajafika magotini. Ya mke yalikuwa kiunoni, kijani kizito. Ndipo Filbert, jirani wa bondeni, akamwita Leodegar akaone mabingobingo yake, majani ya kulishia ng'ombe, yaliyoota kando ya mfereji. Yalikuwa marefu kuliko mtu.

“Baba Aikande,” alisema Filbert, “mimi sikutia kitu hapa. Hii ni mbolea yako. Njoo ukate, ng'ombe wako ale.”

Leodegar alicheka mpaka akakaa chini. Jioni alirudi na mzigo wa majani kichwani.

“Mama Aikande,” alimwambia mkewe, “mwakani mabua yote yabaki shambani. Majani nitakata mimi.”

Akafanya hivyo, na mavuno yalikuwa mazuri. Jumapili moja baada ya misa, Lukresia alimkuta amezungukwa na wanaume, akiwaeleza kwa kirefu jinsi alivyogundua kwamba shamba la mteremko halilimwi. Lukresia akapita, akitabasamu.