Mjeledi wa Mwalimu Zedekiya

Redempta, ambaye kitanda chake na changu vimetenganishwa na pazia, anawaambia wenzetu wa chumba hapa Muraqqabat, Dubai, kwamba aliniona Deira nikimcharaza mwenye duka mijeledi mpaka akaita mama yake. Hakuona hivyo. Irshad, yule Mmombasa anayeuza vifaa vya ngamia na farasi, ndiye aliyenipa mjeledi niujaribu. Nikalichapa boksi la tende, likapasuka, akacheka mwenyewe.

Mjeledi aliutaka Mwalimu Zedekiya, aliyenifundisha mpaka darasa la saba na sasa anamfundisha binti yangu Irene. Kiboko chake kimechakaa, alisema, na vitu vya Dubai ni imara. Kila ujumbe aliumalizia kwa kuniarifu kwamba Irene hajambo, ila hesabu zinamsumbua. Nilimwelewa. Nisipotuma, mgongo wa mwanangu ndio utakaojibu. Nikituma, utajibu vilevile, kwa ngozi mpya.

Redempta akanishauri nitume wa plastiki wa kuchezea watoto. Nikamwambia Mwalimu si mjinga.

Nikakaa nikiwaza. Nikakumbuka chupa ya chai ambayo Mwalimu aliletewa kutoka Uarabuni nilipokuwa mwanafunzi. Ilikaa kabatini na nailoni yake, sisi tukitumwa jikoni kuleta ile iliyomeguka mdomo. Kwetu kitu cha Dubai hakitumiki, kinaangaliwa.

Nikarudi kwa Irshad. Safari hii sikuuliza ulio imara, niliuliza ulio mzuri. Akatoa mmoja wenye mpini uliozungushiwa shanga. Nikaomba boksi la mahameli, nikaomba na utepe.

"Kwani ngamia wako anaolewa, dadangu?"

Nikamwambia yalla, funga.

Evans, wa kijijini kwetu anayefanya kazi huku, alipokwenda likizo akaubeba. Baadaye mama akanipigia: mjeledi umewekwa sebuleni kwa Mwalimu, juu ya kabati, ndani ya boksi lake, wageni wanaonyeshwa na hakuna ruhusa ya kugusa. Kiboko cha zamani amempa mchunga ng'ombe, anaona haya kukishika tena. Irene naye akaniambia siku hizi Mwalimu anawakemea tu. Nililala vizuri.

Jana sauti ya Mwalimu ikaingia kwenye simu. Niliisikiliza jikoni, Redempta ameegemea mlango eti anangoja sufuria.

"Mwanangu, Mungu akubariki. Huu wa sebuleni umefika salama. Sasa nitumie na wa kazi."

Nikailaza simu kifudifudi, nikaendelea kuosha mchele.